Wadau wa michezo Dodoma: namba kwenye uchambuzi wa mpira zinatusaidia au zinatupoteza?

Kijana_wa_Makole

Habari za jioni wakuu. Nimekaa na hili jambo wiki nzima, nimeona nililete humu maana humu kuna waliocheza, waliofundisha na watu wa takwimu wenyewe, si mji wetu ndo makao makuu ya hizo ofisi.

Mimi naripoti michezo kwa redio moja ndogo hapa mjini, sijaajiriwa, nalipwa kwa habari. Mechi ninazopangiwa nyingi ni za ligi ya mkoa na za mchangani, siku moja moja ndo napelekwa uwanja wa Jamhuri, timu ya Dodoma Jiji wakiwa nyumbani. Tangu mwaka jana natembea na daftari la shule, lile la mistari, nachora jedwali kabla mpira haujaanza: mashuti, yaliyolenga goli, kona, faulo, krosi, mipira waliyopoteza nusu yao wenyewe. Kila tukio kijiti kimoja, vikifika vinne cha tano nakilaza. Mapumziko najumlisha.

Sasa Jumamosi iliyopita kulikuwa na mechi, timu sizitaji, niseme tu wa bluu na wa njano. Bluu wamefungwa 1-0, goli la jioni kabisa, mpira wa kona. Watu wanatoka uwanjani wanasema bluu wamezidiwa, kocha aondoke. Mimi naangalia daftari langu naona bluu mashuti 11, njano 4. Nikaandika habari nikaanza na hiyo hiyo, kwamba bluu hawakuzidiwa ila wamekosa umaliziaji, nikapeleka. Bosi akafyeka aya nzima, akaniambia msikilizaji yuko kwenye bajaji anataka kujua nani kafunga na kafungaje, hesabu tulizimaliza shuleni. Kilichosomwa hewani ni "bluu wazidiwa nguvu", na jina langu mwishoni. Iliniuma kwakweli, maana jina ni langu lakini maneno sio niliyoyaona.

Kilichonivuruga zaidi ni hiki. Jamaa yangu wa tovuti nyingine alikaa pembeni yangu, karibu kabisa, tunagawana hadi karanga, yeye bluu kawaandikia mashuti 7. Mechi ileile, jua lilelile. Nikamuuliza yale manne umeyapeleka wapi, akanijibu yale sio mashuti, yaligonga mabeki. Tumebishana kutoka uwanjani mpaka Sabasaba hatujaelewana.

Afu nikiwasikiliza wachambuzi wetu wakubwa, umiliki wa mpira asilimia 63 inasomwa kama hukumu, kumbe mwenye 63 ndo kafungwa, na wanapita tu bila kueleza. Desemba 2022 nilikuwa kibanda umiza kimoja Majengo, Japan na Hispania. Japan kamaliza na umiliki wa asilimia 17.7 na kashinda 2-1, hakuna timu iliyowahi kushinda mechi ya Kombe la Dunia ikiwa na mpira kidogo vile tangu waanze kuhesabu. Siku tano baadae Hispania huyohuyo kapiga pasi zaidi ya 1,000 mbele ya Morocco, dakika 120 hakuna goli, penati kafungwa 3-0, yani hata moja hakuweka. Kama umiliki ndo mpira, hizo mechi mbili tunazielezaje?

Kwahiyo naomba msaada wenu wa dhati. Mtu mmoja mwenye daftari na kalamu, hana kamera wala programu yoyote, ahesabu kitu gani chenye maana? Na yule wa kwenye bajaji nimwambieje bila kumchosha? Nawasilisha.

---

Mkeka_wa_Nkuhungu

Mkuu umegusa penyewe. Sisi tunaobeti tulianza kusoma namba kabla ya waandishi, nani anapata kona nyingi, nani anafungwa kipindi cha pili, na mtu yeyote kijiweni kwetu atakutajia bila kuangalia simu. Lakini nikwambie nilichojifunza kwa hela yangu: mechi tano za mwisho ni chache mno. Timu inashinda tano mfululizo, nne kati ya hizo nyumbani na wapinzani wa mkiani, unaweka mkeka wa kodi ya nyumba, mechi ya sita wanaenda ugenini juu ya barabara masaa 12 wanakula 3. Namba haikudanganya, mimi ndo sikuuliza imetoka wapi.

Mfano mwingine, msimu wa 2022/23 Mayele kamaliza na mabao 17, Saido Ntibazonkiza 17. Watu walibishana mwaka mzima nani mkali. Ila Saido alianza msimu Geita Gold akaja kumalizia Simba, wenzake wa kumpa mpira walibadilika katikati ya msimu, Mayele alikuwa Yanga mwanzo mwisho. 17 na 17 zinafanana kwenye karatasi tu. Mwandishi angetuwekea dakika alizocheza kila mmoja, penati ngapi, na alikuwa na nani nyuma yake, tungekuwa na kitu cha kubishania.

---

Karani_2022

Kijana, ugomvi wako na jamaa yako sio wa mpira, ni wa tafsiri, na nimeuona mara nyingi kazini.

Nilikuwa karani wa sensa 2022, nimezunguka vijiji vya Bahi na kishikwambi mgongoni. Kabla ya kwenda hata nyumba moja tulikaa darasani siku nyingi tunafundishwa kitu kimoja tu ambacho kila mtu anadhani anakijua: kaya ni nini, na nani anahesabiwa humo. Nafika nyumbani kwa mzee ananiambia hapa tupo saba. Nauliza, aliyelala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti nani? Anaanza, huyu kaenda Manyoni tangu juzi, basi huyo huku humwandiki, atahesabiwa alikolala. Kuna shangazi kaja kusalimia kalala, huyo unamwandika hata kama kesho anaondoka. Kijana wake ni mlinzi alikuwa lindo usiku, huyo anahesabiwa nyumbani. Saba wa mzee wanakuwa saba wengine kabisa. Ndo tukapata watu 61,741,120 nchi nzima, na inaaminika kwa sababu yule wa Bahi na yule wa Ukerewe waliuliza swali lile lile kwa namna ile ile.

Sasa rudi kwenye mashuti yako. Wewe umehesabu kila mpira uliopigwa kuelekea golini, mwenzako kahesabu uliopita mabeki. Wote mko sahihi na wote hamfai kulinganishwa. Makampuni makubwa yanayofanya hii kazi, kina Opta walioanza 1996 kule Uingereza, shuti lililozuiwa na beki wanaliweka fungu lake peke yake, halipotei na wala halichanganywi na yaliyolenga goli. Hicho ndo mngekubaliana kabla ya karanga.

Na hata hao wakubwa hawafanani. Kombe la Dunia la Qatar FIFA walileta fungu la tatu kwenye umiliki, mpira ambao upo hewani unagombaniwa sio wa yeyote, kwahiyo asilimia zao hazilingani na za Opta kwa mechi ileile. Ile 17.7 yako ya Japan ni ya Opta, ukienda kwa FIFA utakuta nyingine ndogo zaidi. Mtangazaji anayesoma asilimia bila kusema imetoka kwa nani ananyima watu nusu ya habari.

Ushauri wangu, ukurasa wa kwanza wa daftari lako andika sheria zako. Shuti ni nini. Krosi ni nini, je kona fupi ikipigwa ndani ni krosi? Mpira uliopotea ni upi, na uliotolewa nje kwa makusudi unauweka wapi? Usizibadilishe katikati ya msimu. Mkeo, mdogo wako, mtu yeyote umpe hilo daftari aangalie mechi ileile, akija na namba zinazokaribiana na zako hapo una kitu mkononi.

---

Mzee_wa_Changombe

Wanangu habari zenu. Mimi nimecheza beki namba tano timu ya mkoa miaka ya themanini, nimefundisha watoto hapa Chang'ombe miaka mingi, goti ndo limenistaafisha.

Sina ugomvi na kuhesabu. Ugomvi wangu ni mnachokihesabu. Kijana kaandika faulo, mashuti, kona, vyote vitu ambavyo mpira umeguswa. Beki mzuri kazi yake kubwa haionekani hivyo. Nilikuwa na mwenzangu, marehemu sasa, dakika tisini unaweza kumwona kagusa mpira mara nane. Kwanini? Kwa sababu winga akiinua kichwa anamwona tayari kasimama kwenye njia ya pasi, basi anarudisha mpira nyuma. Huyo kwenye daftari lako ni mvivu. Na yule anayechelewa, anakimbia kufukuzia, anateleza anang'oa mpira na majani, uwanja mzima unasimama, kwenye daftari lako ana alama kumi. Ukimpeleka kocha hizo hesabu atamweka benchi wa kwanza na kumpanga wa pili, msimu ukiisha mtauliza mbona tunafungwa.

Daftari lina safu ya mpira ulioguswa, halina ya mpira ulioogopwa. Nambieni hiyo mnaihesabu vipi, nami nitanunua daftari kesho.

---

Kijana_wa_Makole

Shikamoo mzee. Hapa umenishika pabaya na sina jibu, ngoja wengine waje.

Karani asante sana, nimempigia jamaa yangu tumekubaliana fungu la yaliyozuiwa litakaa peke yake. Nimeandika sheria sita ukurasa wa kwanza. Nauliza tu, hiyo xG, ile namba ya kupima uwezekano wa shuti kuwa goli, ambayo siku hizi kila mtu anaitaja, kuna namna mtu wa daftari anaweza kuifanya au ni mpaka uwe Ulaya?

---

Mwl_Kondoa

Naomba na mimi nichangie, ni mwalimu wa michezo sekondari huku Kondoa, nafundisha netiboli na nimepeleka wasichana UMISSETA ngazi ya mkoa.

Kwanza mzee shikamoo, ulichosema ni kweli tupu na kwenye netiboli kipo, GD, yani beki, anayesimama vizuri mpira hauji kwake kabisa. Mimi nilikihesabu kwa kuzunguka: sikumhesabia yeye, nilimhesabia mpinzani anayekabwa naye. GA wa wapinzani, mmoja wa wafungaji wao, alipokea mipira mingapi ndani ya duara akiwa mbele ya msichana wangu huyu, na mingapi akiwa mbele ya yule mwingine. Nilimpa dada mmoja wa kidato cha pili kazi hiyo tu, asiangalie kitu kingine chochote. Mzee jaribu kwa winga, hesabu winga karudisha mpira nyuma mara ngapi akikutana na huyo beki wako. Ule woga unaonekana kwa anayeogopa.

Pili, kuna jambo ambalo namba ndo iliniokoa. Kila mechi tulikuwa tunaongoza mapumziko afu robo ya tatu tunaporomoka. Mimi nikamlaumu WA, mshambuliaji wa pembeni, mbele ya wenzake, kwamba anapoteza sentapasi, ile pasi ya kuanzisha mpira katikati. Msichana akalia. Baadae nikaanza kuandika kila sentapasi yetu imeishia wapi, imefika kwenye duara, imefungwa, au imepotea na kwa mikono ya nani. Mechi nne. WA alikuwa anapoteza sawa tu na wengine. Timu nzima ilikuwa inapoteza, kwenye zile dakika tano au sita za mwanzo za robo ya tatu, baada ya hapo inakaa sawa. Nikaenda kuangalia mapumziko tunakaa wapi, tunakaa juani kwenye ukingo wa uwanja, kiangazi cha Kondoa mnakijua, nikiongea nao maneno mengi wao wanaungua. Tukahamia chini ya mkwaju upande wa pili na maji yanawekwa huko kabla. Na yule msichana nilimwomba radhi mbele ya walewale niliomgombeza mbele yao.

La tatu na hili naliomba kwa waandishi wote mnaosoma hapa. Mechi za wasichana mnaziandika kwa maneno "walionyesha mchezo wa kuvutia" na picha moja ya sare. Hakuna hata idadi ya mitupo. Netiboli ni mchezo rahisi kuliko yote kuhesabu, wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, GS na GA, na lazima wawe ndani ya duara. Andika katupa mara ngapi zimeingia ngapi. Niliwahi kuwa na GS anasifiwa wilaya nzima kwa mabao mengi, kumbe GA wetu kila akitupa tatu mbili zinaingia na hakuna anayemjua jina, mpira ulikuwa haumfikii. Mngeandika, angejulikana.

---

Mzee_wa_Changombe

Marahaba mwalimu, marahaba kijana. Mwalimu umenifundisha, ya kumhesabia anayeogopa sijawahi kuifikiria. Daftari nanunua.

---

Mnyaturu_wa_Ikungi

Mimi ni wa riadha nimepita tu lakini hili la namba kukosa mazingira linanigusa, nieleze kidogo.

Alphonce Simbu kijana wetu wa Singida mwaka 2025 kakimbia Boston mwezi wa nne kamaliza wa pili kwa saa 2:05:04. Mwezi wa tisa kakimbia Tokyo mashindano ya dunia saa 2:09:48, yani taratibu zaidi ya dakika nne na nusu. Ukimpa mtu hizo namba mbili asiyejua chochote atakwambia kijana kashuka kiwango. Kumbe hiyo ya Tokyo ndo dhahabu, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, joto la Tokyo watu wanaacha mbio njiani, mbio za ubingwa hazina wa kukuvuta mbele kila mtu anamvizia mwenzake. Na Amanal Petros wa Ujerumani kapewa muda huohuo 2:09:48, wametenganishwa na sekunde 0.03 baada ya kilomita 42 na ushee. Simbu alimfuata mtu yuko mbele yake mita za mwisho kabisa akamvuka kifua kwenye mstari, mimi nilikuwa nimeangalia kwenye simu duka la watu nikapiga kelele mpaka mwenye duka akatoka nje.

Sasa kijana wa Makole yule wa bajaji mwambie 0.03. Hiyo ataelewa na atamwambia abiria wake. Kuna namba inabebeka mdomoni. Kama ile ya Yanga mechi 49 za ligi bila kufungwa, mpaka watoto walikuwa wanaihesabu, afu tarehe 29 Novemba 2022 Ihefu wanaikata 2-1, nchi nzima ikajua Ihefu ni nani. Na Ihefu hao ndo wamehamia kwetu wanaitwa Singida Black Stars. Bosi wako asingefyeka namba ya namna hiyo. Tatizo la 11 kwa 4 yako sio kwamba ni namba, ni kwamba haijasema kitu mtu akakiona.

---

Karani_2022

Nirudi kwenye xG kama ulivyouliza, na kwanza nikusimulie kuhusu mwenzako mmoja wa daftari.

Machi 1950 kuna mhasibu wa jeshi la anga la Uingereza anaitwa Charles Reep, kakaa uwanjani anaangalia Swindon Town na Bristol Rovers. Kipindi cha kwanza kimemchosha, mashambulizi mengi hayazai, mapumziko akatoa kijidaftari na penseli akaanza kuandika kila shambulizi la Swindon. Hakuacha tena, aliandika mechi maelfu katika maisha yake. 1951 aliwasaidia Brentford wasishuke daraja. Akaja kugundua kwamba karibu mabao 8 kati ya 10 yanatokana na pasi tatu au pungufu, akawaambia makocha pigeni mpira mrefu, pasi nyingi za nini. Na walimsikiliza, soka la Uingereza lilimfuata miaka na miaka.

Kosa liko wapi? Hesabu zake hizohizo zilionyesha zaidi ya 9 kati ya 10 ya mashambulizi yote yanaishia kwenye pasi tatu au pungufu. Yani hizo fupi zina sehemu kubwa ya mashambulizi kuliko sehemu yake ya mabao. Shule ina mkondo A wenye watoto 90 na B wenye 10, waliofaulu kumi, nane wa A na wawili wa B. Utasema A ndo mkondo mzuri kwa sababu umetoa wanane? Nane kati ya 90, wawili kati ya 10. Reep alihesabu kwa uaminifu wote na miaka mingi, alichosahau ni kugawanya. Kwahiyo kijana, kila ukiandika idadi jiulize ni ngapi kati ya ngapi. Mwalimu wa Kondoa kalifanya hilo kwa GS na GA wake bila mtu kumfundisha.

xG sasa. Wazo lake ni dogo, kazi kubwa iko kwenye data. Wanachukua mashuti maelfu kwa maelfu ya zamani, kila moja lilipigwa kutoka wapi, pembe gani, mguu au kichwa, lilitokana na krosi au pasi ya kupenyeza, na liliingia au hapana. Shuti jipya likipigwa wanaangalia yaliyofanana nalo yaliingia mara ngapi. Penati inakuwa kati ya 0.75 na 0.80, yani katika 100 zinaingia 75 mpaka 80. Shuti la mita 30 unakuta 0.02 au 0.03. BBC walianza kuionyesha kwenye kipindi chao cha Jumamosi msimu wa 2017/18 na wazee wengi kule walilalamika kama bosi wako. Brentford wale wale wa Reep, mmiliki wao Matthew Benham ni mtu wa hizi hesabu, walipanda Ligi Kuu ya Uingereza 2021 wakiwa na bajeti ndogo kuliko wengi. Ila hata wao hawahukumu kwa mechi moja. Mechi moja mtu anaweza kuwa na xG 3 akafungwa, msimu mzima ni ngumu.

Wewe huna mashuti maelfu ya ligi ya mkoa na hutayapata mwaka huu. Usijitungie desimali, utadanganya watu. Fanya hivi, chora boksi la 18 kwenye daftari, kila shuti weka nukta palipopigwa, duara kwa kichwa, msalaba kwa lililozuiwa. Basi. Ukimaliza mechi iangalie ile picha kabla ya kujumlisha chochote.

---

Kijana_wa_Makole

Wakuu nimerudi, nimechelewa kwa sababu nilienda kwa jamaa yangu Kikuyu tukakaa na madaftari yote mawili. Kwa bahati wote tulikuwa tumeandika dakika ya kila shuti na jina la mpigaji, na yeye alikuwa amerekodi vipande vya mechi kwa simu. Tukachora boksi tukaanza kuweka nukta moja moja, mengine tulibishana tena lakini kwa sheria sasa.

Bluu, mashuti 11, manane yamepigwa nje ya 18. Manne kati ya yote yamezuiwa. Matatu ya ndani ya boksi mawili ni pembeni kabisa, kipa ameziba. Kipa wa njano tumemtafuta kwenye video na kwenye kumbukumbu, karuka mara moja tu mechi nzima. Njano mashuti manne, yote ndani, mawili ya vichwa vya kona, na bao ni moja ya hizo kona.

Kwahiyo nilichoandika kwamba bluu walikosa umaliziaji hakikuwa sahihi. Umaliziaji haukuwa shida, hawakufika mahali pa kumalizia. Na waliosema "wamezidiwa" nao hawakuwa sahihi maana mpira ulikuwa kwa bluu muda mwingi. Njano walikaa nyuma wakawaachia nje ya boksi wapige watakavyo. Mzee hapo ndo nikakukumbuka, nikarudia video kumwangalia beki wa kati wa njano, mrefu yule, simwoni akigusa mpira lakini kila bluu wakifika kwenye 18 wanageuka kupasia pembeni. Nimehesabu mara 14 kwenye vipande tulivyonavyo. Jina lake sikuliandika hata mara moja kwenye habari.

Nimeandika upya kwa ajili ya hewani, sio kwa ajili ya mechi ile imeshapita, ni kumwonyesha bosi tu namna ningesema:

"Bluu walipiga mara 11. Mara nane walipigia mbali, nje ya boksi, kwa sababu ndani hawakuruhusiwa kuingia. Kipa wa njano alichafuka jezi mara moja tu. Aliyewazuia ni beki namba tano, na njano walipopata kona dakika ya 88 waliwaadhibu."

Nimesoma kwa sauti, inachukua sekunde kama 20. Nimempelekea leo asubuhi, kasoma mara mbili akaniuliza huyo namba tano anaitwa nani. Nikamwambia sijui bado nalitafuta. Akasema likipatikana nimletee, Jumamosi njano wanacheza tena.

---

Mzee_wa_Changombe

Huyo namba tano namfahamu, nimemfundisha akiwa mdogo. Njoo Jumamosi mapema kabla jua halijawa kali, mimi nitakuwa upande wa goli la mashariki chini ya ule mwarobaini. Wewe andika mpira, mimi nitaandika wanaogeuka.

---

Mwl_Kondoa

Na Jumapili sisi tuna mechi ya netiboli huku, saa tatu asubuhi. Nauli ya kutoka Dodoma nitachangia nusu, uje na lile daftari.